Mtakatifu Sesilia: somo wa wanamuziki ambaye hakupiga kinanda

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio X alitia sahihi waraka wake mashuhuri kuhusu muziki mtakatifu, na mwishoni mwa waraka huo akaitaja siku yenyewe kuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, bikira na mfiadini. Ndani ya waraka huohuo, kipengele cha 13 kinaeleza kwamba waimbaji kanisani hutekeleza huduma halisi ya liturujia, na kwa kuwa wanawake hawawezi kukabidhiwa huduma hiyo, hawaruhusiwi kuwa sehemu ya kwaya. Maana yake ni kwamba Sesilia mwenyewe, kama angefika kanisani asubuhi ya siku yake akiwa na daftari lake la nyimbo, angeelekezwa akakae na waumini wengine kwenye mabenchi.

Sikianzi kisa hiki ili kumsuta Papa aliyekwisha kutangazwa mtakatifu, na ambaye kwa mengine aliutendea muziki wa Kanisa mema makubwa. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi Sesilia alivyotumiwa kwa karne nyingi. Kila kizazi kilichokuwa na ugomvi kuhusu muziki kilimwita aje kuwatetea wenye hoja, iwe ni wapenda vinanda au wachukia vinanda, waimbaji wa makanisani au wa kumbi za matajiri. Yeye, katika simulizi lililomjengea jina, hakupiga chombo chochote. Alikuwa msichana aliyeketi katikati ya vyombo vilivyokuwa vikipigwa kwa ajili yake, naye akaelekeza sikio lake kwingine. Wasanii walioliona hilo ndio walioacha kazi zinazostahili kutazamwa hadi leo. Wengine, hata waliokuwa mafundi hodari, walichora tu mwanamke mzuri mbele ya kinanda.

Simulizi lenyewe liliandikwa kwa Kilatini huko Roma katika karne ya 5. Sesilia alikuwa binti wa ukoo bora, Mkristo tangu utoto, aliyeozwa kwa kijana mpagani aitwaye Valeriano. Siku ya arusi alivaa nguo zilizofumwa kwa dhahabu, na chini yake, mwilini, akavaa vazi la singa linalochoma. Vyombo vilipokuwa vikilia, anasema mwandishi, yeye moyoni mwake alimwimbia Bwana peke yake, akitumia maneno yanayotokana na Zaburi ya 119 na kuomba moyo wake na mwili wake vibaki bila doa asije akaaibika. Usiku ule alimweleza mumewe kwamba yuko malaika anayeulinda mwili wake. Valeriano, kama ambavyo mume yeyote angefanya, alitaka kumwona huyo malaika. Akaambiwa aende kwanza kwenye barabara ya Apio, amtafute Papa Urbano aliyekuwa amejificha, abatizwe. Aliporudi alimkuta mkewe katika sala na malaika kando yake, akiwa ameshika taji mbili za waridi na yungiyungi. Tiburtio, ndugu yake Valeriano, alipoingia chumbani alisikia harufu ya maua ambayo hayakuwa ya msimu ule, akauliza yametoka wapi, na swali hilo likamfikisha kwenye ubatizo.

Ndugu hao wawili walikamatwa kwa kosa la kuzika wafiadini, wakauawa kwa amri ya liwali Almachius, pamoja na ofisa Maksimo aliyeongoka kwa kuwaona wakifa. Kisha ikaja zamu ya Sesilia. Liwali aliamuru afungiwe katika bafu la nyumba yake mwenyewe na moto uchochewe hadi mvuke umuue. Alikaa humo mchana na usiku akatoka mzima. Akatumwa askari amkate kichwa. Alipiga mara tatu, kichwa hakikukatika, na sheria ilikataza pigo la nne, basi akamwacha akivuja damu. Aliishi siku tatu zaidi, akaitumia nafasi hiyo kugawa mali zake kwa maskini na kumwomba Urbano aigeuze nyumba yake kuwa kanisa.

Mtu aliyezoea kusoma historia atashtuka mapema. Urbano wa kwanza alikuwa Papa kuanzia mwaka 222 hadi 230, wakati wa Kaisari Aleksanda Severo, ambaye hakujulikana kwa kuwatesa Wakristo. Orodha ya wafiadini wa Roma ya mwaka 354 haimtaji Sesilia hata kidogo. Papa Damaso, aliyepita kaburi kwa kaburi akiwaandikia wafiadini mashairi juu ya mawe, hakumwandikia. Valeriano, Tiburtio na Maksimo ni wafiadini wa kweli waliozikwa katika katakombe, yaani makaburi ya chini ya ardhi, ya Praetextatus, ila hakuna kumbukumbu ya zamani kuliko simulizi hilo inayowaunganisha na mwanamke huyu. Wataalamu wengi wanaona kwamba palikuwapo kanisa katika mtaa wa Trastevere lililobeba jina la Sesilia, huenda kwa sababu ya mwanamke aliyetoa kiwanja au nyumba, na kwamba baadaye mwandishi mwenye kipaji alimpa mwanamke huyo maisha, mume na kifo.

Mimi sioni kwamba jambo hili linampunguzia Sesilia chochote, mradi tusilifiche. Ibada yake ilikuwa hai kabla ya mtu yeyote kumhusisha na muziki. Tarehe 22 Novemba 545 Papa Vijilio alikamatwa na askari wa Kaisari Justiniani akiwa katika kanisa hilohilo la Trastevere, watu wamekusanyika kwa sikukuu, akapakiwa kwenye jahazi katika mto Tiber na kupelekwa mashariki. Katika karne hiyohiyo mafundi wa Ravenna walimweka katika mozaiki, picha ya vipande vidogo vya rangi, ya kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mmoja katika msafara mrefu wa mabikira walioshika taji zao. Na katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, ile Kanuni ya Kirumi, jina lake hutajwa hadi leo pamoja na Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnesi na Anastasia. Popote katika kumbukumbu hizo hakuna kinanda, zeze wala filimbi.

Kinanda kilitoka wapi basi? Kilitoka katika antifona, yaani kiitikio kifupi kinachoimbwa pamoja na zaburi. Kwa ajili ya sala za sikukuu yake, watunzi walichukua sentensi ile ya arusi na kuifupisha, na katika mojawapo ya antifona hizo maneno "moyoni mwake" yaliachwa nje. Kilichobaki kikasomeka kwamba vyombo vilipokuwa vikilia, Sesilia alimwimbia Bwana. Wafupishaji wa matini wanajua jinsi upungufu wa maneno mawili unavyoweza kumgeuza mtu: aliyekuwa akijitenga na muziki wa arusi akaonekana kama anayeuongoza. Hata hivyo mabadiliko hayo yalichukua muda mrefu sana kuonekana machoni. Ni kuelekea mwisho wa karne ya 15 ndipo wachoraji walipozoea kumpa kinanda kidogo cha mabomba, kile cha kubebwa mkononi, kama alama ya kumtambulisha, kwa namna ileile ambayo Katerina hupewa gurudumu na Lusia macho yake kwenye sahani.

Ndipo akaja mchoraji wa Italia, Raphael. Yapata miaka ya 1514 hadi 1517 alichora picha kubwa ya altare kwa ajili ya kanisa la San Giovanni in Monte mjini Bologna, kwa agizo la Elena Duglioli dall'Olio, mwanamke aliyejulikana kwa kuishi na mumewe bila kuingiliana naye kimwili, na ambaye kwa hiyo alikuwa na sababu zake za kumpenda Sesilia. Picha iko sasa katika jumba la makumbusho la mji huohuo. Inamwonyesha mtakatifu akiwa amesimama katikati ya wengine wanne: Paulo ameegemea upanga wake na kuinamisha uso akitafakari, Yohane mwinjili na Agostino wanatazamana, Maria Magdalena anatutazama sisi. Sesilia peke yake anaangalia juu, ambako mbingu imefunguka na malaika sita wanaimba kutoka katika kitabu.

Ajabu ya picha hii iko chini. Miguuni pake vimetupwa vyombo vya muziki: fidla kubwa ambayo nyuzi zake zimekatika, filimbi, tari, pembetatu ya chuma, vimelala ovyo kama vitu vilivyoachwa na watu waliokimbia mvua. Naye mwenyewe bado ameshika kinanda chake cha mabomba, lakini amekiinamisha, kimepinduka, na mabomba mawili yameanza kuchomoka yadondoke. Ukisimama mbele ya picha hiyo unaona kwamba vidole vyake haviko tena kwenye vibonyezo. Anakishika kama mtu anavyoendelea kushika kikombe ilhali amekwisha kusahau kwamba anakunywa. Raphael alipewa alama ambayo mila ilikwisha kuizoea, na hakuikataa. Aliitia ndani ya picha, kisha akaifanya ianguke. Kwa tendo hilo moja aliyarudisha yale maneno mawili ambayo antifona iliyaacha. Muziki wa mikono unakoma kwa sababu kuna mwingine unaosikika.

Picha hiyo ilichukuliwa na majeshi ya Ufaransa wakati wa Napoleon, ikakaa Paris, ikarudishwa Italia mwaka 1815. Nakala zake zilisambaa kote Ulaya. Cha kusikitisha ni kwamba waigaji wengi waliuchukua uso unaotazama juu na kuacha vyombo vilivyovunjika. Matokeo yake ni mamia ya Sesilia wenye macho ya huruma na vidole laini, ambao kinanda chao ni kizima kabisa, na unashindwa kujua kwa nini wanaangalia dari.

Kazi ya pili ninayoiweka juu haina chombo cha muziki hata kimoja. Ili kuieleza ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 821 Papa Paskali wa Kwanza alitangaza kwamba ameonyeshwa katika ndoto mahali ulipo mwili wa Sesilia, akauhamishia Trastevere na kulijenga upya kanisa lake. Mozaiki ya upande wa altare ingali inametameta: Papa amesimama na nuru ya mraba kichwani, ishara kwamba alikuwa bado hai, na mwanamke anayetambuliwa kuwa Sesilia amemwekea mkono begani, kama dada mkubwa anayemtambulisha mdogo wake kwa wageni. Sijui mozaiki nyingine ya zama zile ambamo mtakatifu anamgusa Papa kwa wepesi wa namna hiyo.

Karne karibu nane baadaye, Oktoba 1599, Kardinali Paolo Emilio Sfondrati alikuwa akilikarabati kanisa hilo, na Roma nzima ilikuwa ikijiandaa kwa Jubilei ya mwaka 1600. Chini ya altare lilipatikana sanduku la mti wa mvinje, na ndani yake mwili uliolala ubavu, umefunikwa kitambaa. Habari ilienea, watu walifurika, na Papa Klementi VIII aliongoza maziko mapya tarehe 22 Novemba. Mchonga sanamu Stefano Maderno alipewa kazi ya kuuonyesha mwili ule katika marumaru, na aliikamilisha mwaka 1600.

Sanamu hiyo iko mahali pake hadi leo, mbele ya altare, ndani ya shimo la marumaru nyeusi lililo kama kaburi lililoachwa wazi. Msichana amelala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kidogo, nguo imeshikamana na mwili. Mikono imenyooshwa mbele, mmoja ukiwa umekunjua vidole vitatu na mwingine kimoja, jambo ambalo waumini hulisoma kama ungamo la mwisho la Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kichwa kimefungwa kilemba na kugeuzwa kabisa, uso unaelekea sakafuni. Anayetazama haoni jicho wala mdomo. Anachokiona ni shingo, na kwenye shingo mstari mwembamba wa jeraha.

Karibu na sanamu, Maderno aliacha maandishi ya Kilatini yanayosomeka kama kiapo mahakamani: kwamba huu ndio mwili wa bikira mtakatifu Sesilia, ambao yeye mwenyewe aliuona kaburini ukiwa haujaoza, na kwamba ameuonyesha katika marumaru kwa mkao uleule. Tukumbuke ni wakati gani huo. Waprotestanti walikuwa wakikejeli masalia ya watakatifu, na Kanisa la Roma lilihitaji watu wa kusema "nimeona". Lakini maelezo ya walioshuhudia yanasema kwamba kwa heshima kitambaa hakikuondolewa, kwa hiyo kilichoonekana ni umbo lililofunikwa. Wapo wanaomwita Maderno mwongo kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu sanamu inamtetea zaidi kuliko kiapo chake. Mchongaji asiye mwaminifu angetupatia uso mzuri wa msichana aliyelala, maana ndicho kitu ambacho wateja wote wangekipenda. Yeye uso hakuuona, na uso hakuuchonga. Kwa kuuficha, alitengeneza sanamu ya mfiadini isiyomwomba mtazamaji amhurumie wala amtamani, katika enzi ambayo mabikira wafiadini walichongwa na kuchorwa mara nyingi kwa ajili ya yote mawili.

Wanamuziki wenyewe walikuwa wamekwisha kumchukua. Mwaka 1585 Papa Sisto V aliidhinisha chama cha wanamuziki wa Roma chini ya ulinzi wa Gregori Mkuu na Sesilia, chama ambacho ndicho chimbuko la Accademia ya Santa Cecilia ya leo. Huko London, katika nchi ya Kiprotestanti ambayo kinadharia ilikuwa imekwisha kuachana na kuwaomba watakatifu, wanamuziki walianza mwaka 1683 kuadhimisha siku yake kila mwaka kwa tungo mpya, na mtunzi Henry Purcell aliandika baadhi ya kazi zake bora kwa ajili hiyo, ile kubwa zaidi mwaka 1692. Mshairi John Dryden, katika utenzi wa mwaka 1687 ambao mtunzi Handel aliutilia muziki mwaka 1739, alimfanya Sesilia kuwa mpiga kinanda stadi kiasi kwamba malaika alimsikia akashuka, akidhani dunia ni mbinguni. Ni sifa nzuri, na muziki wa Handel ni mtamu, lakini mpangilio umegeuzwa. Kwa Raphael, Sesilia anawasikia malaika na kuacha kupiga. Kwa Dryden, malaika anamsikia Sesilia na kuja kutazama. Tofauti hiyo si ndogo. Wa kwanza anamwambia mwanamuziki kwamba upo muziki uliomtangulia, wa pili anampongeza.

Karne ya 19 ilimtumia kwa kusudi jingine tena. Padre Franz Xaver Witt alianzisha mwaka 1868, katika nchi za Wajerumani, chama kilichobeba jina la Sesilia, lengo lake likiwa kuufukuza kanisani muziki wa kiopera na kurudisha wimbo wa Kigregori, ule wa kale wa sauti moja, pamoja na tungo za mtindo wa Palestrina, mtunzi wa Roma wa karne ya 16. Fikra hizo ndizo zilizouandaa waraka wa 1903. Kipengele cha 19 cha waraka huo kinakataza piano kanisani, na pamoja nayo vyombo vya kelele, vikitajwa kwa majina: ngoma, matoazi, kengele na vya namna hiyo.

Hapa ndipo habari ya Roma inapotufikia sisi wa Afrika Mashariki. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ile ya Ndanda mwaka 1906, yaani pande zote mbili za tarehe ya waraka. Ngoma ambayo kwa Witt na wenzake ilikuwa kelele ya bendi za mitaani, kwa wenyeji wa Songea na Masasi ilikuwa chombo cha kuzalia, kuchezea unyago na kuzikia. Marufuku iliyotungwa dhidi ya opera ya Italia ikaangukia watu ambao hawakuwahi kuisikia opera, nao wakapewa tenzi za Kijerumani zilizotiwa maneno ya Kiswahili, nyingine nzuri kweli, nyingine zenye silabi zinazogombana na noti hadi leo. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliruhusu wanawake kuimba kwaya, nje ya eneo la altare, kwa sharti kwamba watengwe kabisa na wanaume. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha utafiti wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati yake ya liturujia, iliyotaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima na nafasi inayostahili. Ngoma ikaingia kwa mlango wa mbele, na kayamba nyuma yake.

Leo ni vigumu kupata jimbo la Tanzania au Kenya lisilo na kwaya ya Mtakatifu Sesilia. Wanawake, waliozuiwa kwenye siku yake, ndio wanaozibeba kwaya hizo, kwa sauti ya kwanza na ya pili, kwa michango ya sare na kwa uvumilivu wa mazoezi ya jioni. Picha inayopigwa chapa kwenye fulana na mabango ya sikukuu ya somo, hata hivyo, karibu kila mara ni ya yule Sesilia wa waigaji: mzungu mwenye nywele za dhahabu, ameketi mbele ya kinanda kikubwa cha mabomba ambacho parokia haina na pengine haitakuwa nacho. Alama hiyo inafunza jambo, hata kama walioichagua hawakukusudia. Inafunza kwamba muziki wa kanisa ni chombo, na kwamba mwenye chombo kikubwa zaidi ndiye aliye karibu zaidi na mtakatifu. Ndipo unapokuta kwaya iliyochangishana miaka kununua kinanda cha umeme na spika, mpiga kinanda amebonyeza mapigo ya tayari yaliyomo ndani ya mashine, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na waimbaji arobaini waliojifunza sauti nne kwa shida wanafungua midomo bila neno lao kusikika benchi la tatu. Wakati wa Komunyo ni hivyohivyo.

Sisemi vinanda vitupwe miguuni kama katika picha ya Bologna, kwa sababu Raphael alikuwa akichora mtu mmoja katika dakika moja, si kutunga kanuni za parokia, na ngoma iliyosubiri miaka sitini nje ya mlango haistahili kufukuzwa tena kwa jina lilelile. Ninachokitetea ni kidogo na kinawezekana: mwalimu wa kwaya awe na mamlaka ya kumwambia mpiga kinanda apunguze, na kamati inayopanga sare za mwezi wa Novemba imwone kwanza yule Sesilia ambaye kinanda kinamtoka mkononi, kabla haijaamua ni Sesilia yupi wa kuchapwa kifuani.